Siku Raketi Nyekundu Iliponivua Kanzu

Nikiri mapema, maana hata nisipokiri wapo watakaowasimulia: mimi ndiye yule baba aliyevua kanzu mbele ya shekhe, mbele ya wakwe na mbele ya nusu ya mtaa wetu hapa Gisenyi, akabaki na fulana ya ndani na suruali ya kulalia, siku ya ndoa ya binti yake wa kwanza. Mpaka leo nikipita sokoni wauza vitenge wananiita, "Fundi, mukono iko namna gani?" na hawaulizi kwa huruma, wanauliza ili wapate kucheka tena. Nimezoea. Lakini kwa kuwa kila mtu anaisimulia kwa namna yake, na wengine wameshaongeza kwamba nililia (sikulia, macho yalitoa maji tu kwa maumivu), naona bora nieleze mwenyewe, na maelezo yanaanzia kwenye raketi ya tenisi.

Jina langu ni Hamisi, ila watu wananiita Fundi, au Baba Zaina, kwa sababu nashona nguo tangu nikiwa kijana, na Zaina ndiye mtoto aliyenifanya baba. Zaina huyu, tangu macho yangu yaanze kuchoka, ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano kila asubuhi kabla hajaenda kazini kwake: anatunga sindano kumi, anazichomeka kwenye kitambaa kimoja, ananiachia. Sijawahi kumwomba. Alipoposwa na Idrisa, fundi wa malori mwenye adabu zake na mikono mipana, nilifurahi kama baba yeyote anavyofurahi, halafu nikarudi kwenye cherehani nikakaa nikiiangalia ile mistari ya sindano kwa muda mrefu kidogo. Nitasema hivyo tu kwa sasa.

Baba yake Idrisa anaitwa Mzee Swedi. Aliendesha malori miaka mingi, sasa amepumzika, na kazi yake kubwa ni kucheza tenisi kwenye uwanja mmoja wa kando ya ziwa, nyuma ya hoteli. Hapa kwetu wazazi wa watu waliooana huitana bamwana, na bamwana si mtu wa kusalimiana naye tu barabarani, ni ndugu, mtazikana. Basi uchumba ulipokubaliwa akaniambia, "Fundi, we unakaa sana. Kuja tucheze, tujuane." Daktari naye alikuwa ameshanionya kuhusu presha, nikasema haya, kumbe nimeingia mahali.

Miezi sita nilicheza na raketi ya kuazima, na miezi sita Mzee Swedi alinifunga. Ananifunga kwa upole, na hilo ndilo linalouma. Ananipita miaka kumi, hakimbii, anasimama pale kati na raketi yake ya zamani iliyopauka, anausukuma mpira pembeni, mimi nakimbia mpaka mapafu yanawaka, kisha anasema, "Pole, Fundi, ulikuwa karibu." Kila mchezo ukiisha anakuja kwenye wavu ananyoosha mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko chake, heshima kamili, kama vile ni mimi niliyemfunga. Nikajisemea moyoni kwamba siwezi kumkabidhi huyu mzee binti yangu kabla sijamfunga hata mara moja. (Msiniulize vitu hivyo viwili vinahusiana vipi. Wakati ule niliona vinahusiana.)

Ikabaki kama mwezi na nusu kabla ya ndoa, nikaenda kwa Kalisa. Kalisa ndiye anayefundisha tenisi pale uwanjani, mtu wa makamo aliyekulia Goma, ana mashine ndogo ya kuvutia kamba za raketi na begi refu lenye raketi zilizotumika ambazo anaziuza. Akanipokea kama mimi ninavyompokea mteja wa suti. Akatandika taulo kwenye benchi, akapanga raketi tatu, akasema, "Leta mukono."

Alipima kiganja changu kwa macho, akaniambia nishike mpini wa raketi, halafu nijaribu kupitisha kidole cha mkono wa pili katikati ya ncha za vidole vyangu na kiganja. "Kidole ikipita pale sawasawa, mushiko ni yako," akasema. "Ikikosa nafasi, iko nyembamba, utakuwa unaikaba saa yote, na mukono itachoka." Mimi ni mtu wa futi na vipimo, nilifurahi sana kuona kumbe na huku kuna kupimana.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi, kichwa kikubwa. "Hii inasukuma mupira yenyewe," alisema Kalisa, "lakini inatetemeka, utasikia mu kifundo." Ya pili ilikuwa ya kijivu, rangi imechubuka, mpini umezungushiwa utepe mpya. Hapo sauti yake ikabadilika. "Hii njo yako, Fundi. Uzito iko katikati, fremu iko inalegea kidogo, ile kishindo inakufia mulemule mbele ya kufika mu kiwiko. Nguvu iko, na mukono inapumuzika. Batu ya umri yetu banapenda hii." Ya tatu hata hakuigusa, aliionyesha kwa kidevu tu. Ilikuwa nyekundu na nyeusi, inang'aa, fremu nene, ngumu. "Ile ni ya bijana bale bananyanyua vyuma. Inapiga, vraiment inapiga. Lakini iko ngumu, haikunjike, kishindo yote inarudi kwako."

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi kila siku ya Mungu namwambia mteja, baba, usichague nguo kwa macho, chagua kwa mwili, hii koti inayokubana kwapani leo kwa sababu ni nzuri kwenye kioo, kesho utashindwa kunyanyua mkono kumsalimia bosi. Nimeyasema maneno hayo mpaka mke wangu anayarudia usingizini. Na mimi huyo huyo nikainama, nikaipita ile ya kijivu, nikaokota nyekundu.

Nikashika mpini. Kidole hakikupita. Nikalegeza mkono kidogo, Kalisa akiwa ameangalia kando, kikapita. "Inanienea," nikasema.

Kalisa akanitazama. "Umelegeza."

"Sijalegeza."

"Bon." Akaichukua, akaifunga kwenye mashine yake aitie kamba mpya, akaniuliza nazitaka zimevutwa kiasi gani. Nikamwambia vuta mpaka mwisho. Akaacha kazi. "Fundi, sikia. Kamba ikilegea kidogo, yenyewe njo inarusha mupira. Ukikaza sana, mupira inakufa pale, we njo utaipa nguvu na mukono yako. Kiwiko itakushitaki."

Na hapa ndipo ufundi wangu uliponiponza, kwa sababu angekuwa mtu mwingine angenyamaza, lakini unamwambia fundi cherehani habari za kulegeza nyuzi? Kwenye cherehani uzi uliolegea unafanya vitanzi chini ya kitambaa, mshono unaachia, mteja anarudi na suruali mkononi. Maisha yangu yote nimekaza uzi. Nikamweleza hayo yote kwa kirefu, kwa kidole juu, mtu ambaye amevuta kamba za raketi miaka ishirini. Kalisa akanisikiliza mpaka mwisho, akazungusha mashine yake, kamba zikalia. "Haya," akasema. "Mukono ni yako, haiko ya kwangu."

Nikaanza mazoezi ya siri, asubuhi, baada ya sala ya alfajiri kukiwa kumeshapambazuka, ukutani pale uwanjani. Na kweli ile kitu ilipiga. Mpira ulikuwa unarudi kwa kishindo nilichokuwa nakisikia mpaka kwenye meno, na mimi nikachukulia kishindo kile kuwa ndiyo nguvu yenyewe. Wiki ya kwanza mkono ulichoka. Ya pili, nje ya kiwiko pakaanza kuwaka. Ya tatu nikashindwa kunyanyua chupa ya chai. Hivi hivi, mtu mzima, fundi wa suti, nainyanyua thermosi kwa mikono miwili kama mtoto.

Mke wangu, Mama Zaina, haoni kila kitu, ila anaona vile vitu unavyotaka asivione. Siku moja tunakula akaweka kijiko chini. "Baba Zaina. Toka lini unakula na kushoto?"

"Nimejisahau."

"Unajisahau siku tatu?" Akanitazama. "Mukono iko inauma?"

"Ni kazi," nikasema, "kanzu za harusi hizi." Na hapo sikudanganya sana, kwa sababu kweli nilikuwa nakata kanzu za harusi, ya bwana harusi, ya Mzee Swedi na ya kwangu, na kila nikibana mkasi machozi yananijia. Ya kwangu niliifanya nzuri kupita zote, mikono mirefu membamba, inayobana kwenye kifundo, mshono mara mbili ili isije ikafumuka hata kwa bahati mbaya. Mkumbuke hiyo mikono. Kwa kiwiko nikajitengenezea dawa ya kifundi: nilichukua kipande cha mpira wa kiuno uliobaki kwenye suruali ya kulalia ya mteja, mpana, wenye maua ya njano, nikaushona ukawa mkanda wa kubana mkono chini kidogo ya kiwiko. Ulisaidia. Angalau niliweza kufunga vifungo.

Ndoa ilipangwa Jumapili baada ya adhuhuri, nyumbani kwetu (ya serikali walikuwa wameshaifunga Alhamisi pale kwenye ofisi ya sekta). Jumamosi yake ilikuwa ya mwisho wa mwezi, asubuhi umuganda, ile kazi ya pamoja, mtaa mzima tunazibua mitaro, mimi nikajitolea kuwa mtu wa kuhesabu majembe ili nisilishike lolote. Tulipomaliza Mzee Swedi akanijia, bado na tope kwenye buti. "Fundi, kesho tunakuwa ba bamwana. Kuja tucheze ya mwisho, tukiwa bado marafiki tu."

Ningesema mkono unauma, ingeisha pale. Angeniambia pole, angenipeleka kunywa chai, na leo ningekuwa naheshimika. Nikasema, "Twende."

Jamani, nilicheza. Niliubana mkanda wangu wa maua chini ya shati la mikono mirefu, nikaingia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mipira yangu ilimpita Mzee Swedi kabla hajageuka. Kila mpira ulikuwa kama msumari unaingia kiwikoni, lakini nilikuwa naongoza, na mtu anayeongoza haoni mengi. Nikawa mkali pia, maumivu yanafanya mtu mkali, mpira wake mmoja ulidondoka karibu na mstari nikapaza sauti "Nje!" kama polisi, naye akanitazama tu, akasema, "Kama umesema nje, ni nje." Nilishinda. Watu watatu waliokuwa kwenye benchi walipiga makofi, na Kalisa, aliyekuwa mmoja wao, hakupiga.

Mzee Swedi akaja kwenye wavu, akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko kama kawaida yake, anatabasamu. Na mimi mkono wangu ulikuwa umekufa. Ulikuwa unaning'inia pale unawaka, nilijua akiushika nitapiga kelele mbele ya watu dakika moja baada ya kushinda. Nikaweka mkono wa kushoto kifuani, nikainamisha kichwa, nikasema "Ahsante mzee," nikageuka, nikaondoka. Nilipofika getini nikatazama nyuma, bado mkono wake ulikuwa juu ya wavu.

Nyinyi mnaokaa huku mnajua maana yake. Kumnyima mtu mkono, tena mkubwa wako, tena anayekuwa ndugu yako kesho. Jioni ile Zaina akaja chumbani nilikokuwa napiga pasi kanzu kwa mkono wa kushoto. Akasimama mlangoni. "Baba, Idrisa anauliza, mulikosana na mzee?"

"Tulicheza. Nimemfunga."

"Tu?"

"Tu."

Akaingia, akachukua kile kitambaa cha sindano, akakaa kitandani, akazitunga zote kumi, akaondoka. Na mimi sikumwambia, kwa sababu nilitaka nilale na ushindi wangu usiku mmoja ukiwa mzima, haujawa na kiwiko ndani yake.

Jumapili nyumba ikajaa. Wanaume sebuleni wamekaa kwenye mikeka, wanawake chumba cha ndani, pazia katikati, na nyuma ya pazia hilo Zaina amekaa na mama yake na shangazi yake aliyetoka Busasamana na viazi gunia zima. Majirani Wakristo walijaa mlangoni na uani, Kalisa akiwemo na koti lake la kanisani. Mzee Swedi aliingia amevaa kanzu niliyomshonea. Akanisalimia kwa mdomo, "Salaam aleikum, Baba Zaina," akapita akakaa, mikono yake miwili ikabaki mapajani. Aliniita Baba Zaina, hakuniita Fundi.

Na mimi nilikuwa nimependeza, nisiwafiche. Kanzu imenyooka, mikono imebana kwenye vifundo, mkanda wa maua ndani hauonekani, na kwa kuwa chini ya kanzu hakuna anayeona, nilivaa suruali ya kulalia ile laini, nikajiambia leo ni siku ndefu.

Shekhe akasoma hotuba, akafika pale penyewe. Kwetu sisi, baba wa binti na bwana harusi wanakaa wanatazamana, magoti karibu yanagusana, wanashikana mikono ya kulia, na mkono ukiwa ndani ya mkono baba anatamka kwamba amemwoza. Nilikuwa nimehudhuria ndoa mia, na sijui kwa nini hadi dakika ile sikuwa nimelifikiria hilo. Nililifikiria pale pale, Idrisa alipokaa mbele yangu, jasho linamtoka, akanyoosha ule mkono wake wa kufungulia nati za malori.

"Mushikane muzuri," akasema Shekhe.

Maskini Idrisa akatii. Aliogopa, na mtu akiogopa anashika kwa nguvu. Nikaanza, "Nimekuoza binti yangu Zaina..." naye kusikia jina la Zaina akakaza. Kilichopanda mkononi mwangu sina jina lake. Nikapiga ukelele, "Aaaii!" nikauchomoa mkono wangu kwa nguvu zangu zote, nikaukumbatia kifuani, nikarudi nyuma nikaegemea ukuta.

Nilisikia mtu nyuma ya pazia anavuta pumzi, na mimi mwenyewe nilijua ni nani.

Mzee Swedi akasimama taratibu. Hakupaza sauti. "Shekhe, naomba neno. Jana huyu alininyima mukono mimi, nikanyamaza, nikasema labda amechoka. Leo ananyang'anya mutoto wangu mukono mbele ya batu. Kama familia yetu haimupendeze, angesema mapema. Sisi tunajua njia ya nyumbani." Na wanaume wa upande wake wakaanza kuokota kofia na miguu ikitafuta viatu.

"Baba Zaina," akasema Shekhe, "unaoza ao hauoze?"

"Naoza! Naoza, ni mkono, mkono unauma!"

"Mukono ile ilimufunga Mzee Swedi jana?" akauliza mmoja wa wajomba wa Idrisa. "Leo njo inauma?" Na kusema kweli hata mimi nisingejiamini.

Kitu pekee kilichobaki ni kuwaonyesha. Nikashika mkono wa kanzu niupandishe mpaka kiwikoni. Haukupanda. Ulibana kwenye kifundo, vile nilivyoupima mwenyewe kwa maringo. Nikavuta, haukuchanika, mshono mara mbili. Mjomba mmoja akasaidia kuvuta, mshono ukakaa kimya, na katika aibu ile yote kuna sehemu ndogo ya kichwa changu iliyosema, kazi nzuri. Wale karibu na mlango walikuwa wameshavaa viatu. Nikamsikia Zaina ndani anasema kwa sauti ndogo, "Mama, amekataa?" na hapo sikufikiria tena. Nikainama, nikaivua kanzu yote juu ya kichwa.

Basi picha ndiyo hiyo. Fulana yangu ya ndani yenye tundu kwapani (fundi cherehani!), suruali ya kulalia ya mistari, na kwenye mkono mkanda wa mpira wa kiuno wenye maua ya njano, na juu ya mkanda, kiwiko kimevimba, chekundu, hata mtoto angekiona kutoka barabarani.

Kisha mlangoni Kalisa akanyanyua mkono kama yuko shule. "Muniruhusu, mi haiko wa dini yenu, lakini mi najua hii kitu. Ni kamba! Nilimwambia alegeze, akanifundisha habari ya cherehani. Nilimupa raketi ya kijivu ya kumutunza mukono, akachukua nyekundu. Tangu mwezi moja anapiga ukuta kila asubuhi, peke yake. Na mushiko ilikuwa nyembamba, alilegeza vidole, niliona!"

"Juu ya nini?" akauliza Mzee Swedi, akiniangalia mimi. "Raketi ya vile, juu ya nini?"

Sasa ningesema nini, nimesimama na suruali ya kulalia? Nikasema ukweli. "Nilitaka nikufunge mara moja, mzee. Kabla sijakupa mtoto. Na jana sikukunyima mkono kwa dharau, niliogopa nitalia mbele yako."

Mzee akaukodolea macho ule mkanda wa maua. Akauliza taratibu, "Hii ni ya suruali?" Nikasema ndiyo. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani ni hasira, kumbe anacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na akisha kucheka yeye nani angebaki? Hata Shekhe alijifunika uso na karatasi yake. Nyuma ya pazia shangazi wa Busasamana alikuwa anapiga yowe, "Yewe Mana yangu!" anamwita Mungu bila hata kuona.

Kanzu haikurudi, maana mkono haukukunjika tena. Wanawake wakapitisha kitenge chini ya pazia, wakanifunika mabegani, na hivyo ndivyo nilivyomwoza binti yangu, nimejitanda kitenge cha shangazi, na picha zipo. Mzee Swedi akaja kukaa kando yangu, akakishika kiwiko changu kwa mikono yake miwili, akakiinua vile anavyoshikaga kiwiko chake mwenyewe akisalimia, akamwambia mwanawe, "Shika vidole tu." Idrisa akavishika vidole vyangu viwili kama mtu anayebeba yai. Nikatamka yote mpaka mwisho. Sauti ilitetemeka kidogo, na kila mtu alijua kwamba ni kwa sababu ya mkono.

Jioni, kabla hawajaondoka, Zaina alikuja kuniaga. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha cherehani na barafu kwenye kiwiko. Aliinama, akaniambia karibu na sikio, "Baba, mi nilifikiri umekataa kuniachilia. Kweli ilikuwa kiwiko tu?"

"Kiwiko tu," nikamwambia.

Akanitazama, halafu akachukua kile kitambaa, akatunga sindano, zikapita kumi, zikapita ishirini, wenzake wanamwita kutoka kwenye gari, yeye anatunga.

Nimeapa sitachagua tena kitu kwa rangi, wala sitamfundisha fundi mwingine kazi yake kwa kidole juu. Ile nyekundu nimeitundika ukutani pale dukani, na mteja akidai koti limbane, namwonyesha tu kwa kidevu. Kalisa alinipa ya kijivu, kamba zimelegea kidogo, na alichosema ni kweli, mpira unaruka na mkono unalala vizuri. Mzee Swedi ananifunga kila Jumapili, na mchezo ukiisha ni mimi ninayefika kwenye wavu kwanza, mkono umeshanyooka.

Kiwiko kilipona miezi mingi iliyopita. Ila Idrisa hajui. Kila wakija na Zaina kutusalimu, bado ananishika vidole viwili tu, polepole, anauliza, "Baba, haiumi?" na Zaina anasimama nyuma yake ananiangalia. Nami ninasema inauma kidogo bado, ili wakae mpaka chai iishe.